Bibi Titi Mohamed kabla ya TANU: mwimbishaji wa Bomba na uongozi uliolelewa katika vyama vya ngoma

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Simulizi nyingi za Bibi Titi Mohamed huanzia mwaka 1955, alipoitwa kuwaongoza wanawake wa TANU, kana kwamba hadi siku hiyo alikuwa mama wa nyumbani asiyejulikana zaidi ya mtaa wa pili. Naleta uzi huu kwa sababu sikubaliani na mwanzo huo. Mwanamke yule alipoingia katika siasa alikuwa tayari na jina mjini, na jina hilo alilipata kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbishaji mkuu wa Bomba, kimojawapo cha vyama vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba ujuzi tunaouhesabu kuwa wa kisiasa, yaani kuita watu wakaja, kuwachangisha wasinung'unike, na kutamka jambo zito hadharani bila kujivunjia heshima, ulilelewa katika vyama hivyo, na kwamba TANU iliukuta umeshakomaa.

Tuanze na mji wenyewe, maana bila mji ule vyama hivyo havieleweki. Serikali ya Waingereza iliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye maduka na ofisi, na kanda ya tatu ya Waafrika, ambayo ndiyo Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja, na barabara inayopita kandokando yake leo ndiyo inayoitwa kwa jina la Bibi Titi. Sensa ya 1948 ilikuta mjini watu wasiofika 70,000, na ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Katika miaka hiyo hiyo nyumba za vyumba za Kariakoo zilikuwa zikipokea wageni kila msimu: Wazaramo wa vijiji vya jirani, Warufiji, Wamatumbi, Wangindo, Waluguru, Wanyamwezi, pamoja na Wamanyema waliotangulia zamani. Mwanamume mgeni alikuwa na wenzake wa bandarini au ofisini, na mara nyingi alikuwa na chama cha watu wa kwao. Mwanamke mgeni, hasa aliyeachika au aliyefiwa na mume, alihitaji watu wa kumsimamia siku ya msiba na wa kumpambia arusi ya mwanawe, na watu hao aliwapata kwa kujiunga na ngoma.

Bibi Titi hakuwa mgeni. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu, akasoma shule kwa miaka michache, akawekwa ndani kama mwari, kisha akaozwa angali mdogo kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Hakupata elimu ya juu na hakuwa na Kiingereza cha kuhutubia. Wanaomsifu huyataja haya kana kwamba ni upungufu alioushinda kwa miujiza, nami naona wanakosea mahali pa kutazama. Lugha ya vyama vya ngoma ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mashairi, chenye mafumbo na majibu ya papo kwa papo, na katika lugha hiyo yeye alikuwa msomi wa daraja la juu.

Chama cha ngoma kilikuwa na utaratibu wake. Wanachama walitoa michango, walinunua sare, na kila mmoja alijua zamu yake ya kusaidia na zamu yake ya kusaidiwa. Palipokuwa na arusi, chama kilialikwa kutumbuiza. Palipokuwa na msiba, walewale waliocheza juzi walifika na vyungu na mikeka. Kulikuwa na vyama kadhaa kwa wakati mmoja, na majina yao yalionyesha jinsi akina mama wale walivyoutazama ulimwengu mpana: Bomba, Submarine, British Empire, Ratu Sudan, na upande wa taarabu Egyptian na Al-Watan. Vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na zaidi ya yote kwa maneno. Wanaoamini kwamba wanawake wa Pwani walikuwa wamefungiwa ndani watueleze basi ni nani aliyekuwa akiitikia ngoma hadi alfajiri katika viwanja vya Kariakoo.

Kazi ya mwimbishaji ndiyo ninayotaka tuitafakari zaidi. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo na wenzake wakaitikia, kwa hiyo akikosea mwanzo, mstari mzima unakosea. Anapaswa kuusoma mkusanyiko haraka na kujua wakati wa kuchoma na wakati wa kupoza, ni fumbo gani litaeleweka na waliolengwa bila kumpa mtu yeyote ushahidi wa kumshtaki, na ni lini mbwembwe imetosha ili wimbo ubadilishwe kabla watu hawajaanza kutazamana. Aidha anapaswa kukubalika na waitikiaji wake, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke mzima kumwitikia mwanamke mwenzake, na heshima hiyo ikipungua, kiitikio kinapoa na kila aliyepo anasikia.

Sasa tuje 1955. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na waasisi wake 17 wote walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata alifika John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza kuhusu wanawake wa chama. Viongozi wakajibu kwamba tawi la wanawake lipo, ingawa halikuwapo, na ikabidi litafutwe haraka mtu wa kulifanya jibu hilo kuwa kweli. Aliyetafutwa ni Bibi Titi, na Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliokuwa karibu na chama, alikuwa miongoni mwa waliolifikisha ombi hilo nyumbani kwake kupitia kwa mumewe.

Hatua aliyochukua baada ya hapo ndiyo msingi wa uzi huu. Hakuanza kubisha hodi nyumba hadi nyumba akimweleza kila mwanamke maana ya uhuru. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, wakiwamo wa vyama vilivyoshindana na chake, akawaomba wawalete wanachama wao, nao wakaja kwa vikundi kamili, na kiongozi wao akiwa mbele. Mwanahistoria wa Kimarekani Susan Geiger, aliyezungumza naye kwa kirefu katika miaka ya 1980, anaeleza kwamba kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa. Idadi hiyo, katika mji wa ukubwa ule na katika muda wa miezi michache, haielezeki kwa hotuba peke yake. Kuna mtandao uliokuwa umetandazwa tayari, na kuna mtu aliyejua aanzie wapi.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mleta uzi, ahsante. Naomba niongezee ya huku kwetu, kwa sababu Bomba haikuzuka peke yake.

Mombasa tulikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake wanaopanga mstari na kucheza kwa mwendo wa taratibu huku wakijibizana kwa nyimbo. Vyama vya lelemama vilikuwa na vyeo, na vyeo hivyo vilifuatana kwa daraja kama vile vya beni, ngoma ya wanaume iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi. Beni ya Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Kwenu Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti. Wanawake walichukua mtindo huohuo wa kuwa na pande mbili zinazoshindana, na katika mji wetu ushindani uliokumbukwa zaidi ni ule wa Ibinaal Watan na Banu Saada. Chama kimoja kikifanya karamu, kingine hakikulala mpaka kifanye kubwa zaidi, na nyimbo za kushambuliana ziliwafanya waume na ndugu wa kiume waone haya kupita barazani.

Linaloungana na hoja yako ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walipoanzisha taasisi za elimu na maendeleo, zilitokea mbili kwa mpigo, na mpasuko wao ulifuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya ushindani wa zamani wa lelemama. Mwanahistoria Margaret Strobel amelieleza jambo hili kwa makini. Kwa hiyo uwezo wa kuandaa watu ulihama kweli kutoka kwenye ngoma hadi kwenye shughuli za umma, lakini ulihama pamoja na mafarakano yake. Ningependa kujua Dar es Salaam iliepukaje hayo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimesoma kwa makini na nina mashaka. Naona unaipamba ngoma kupita kiasi.

Vyama hivyo, kwa maelezo yako mwenyewe na ya ndugu wa Mombasa, vilikuwa vya vijembe na majivuno. Fedha za mwezi mzima ziliishia kwenye sare ya usiku mmoja. Wazee wengi walilalamika, na masheikh pia hawakuvipenda. Kusema kwamba huko ndiko kulikozaliwa umoja wa kitaifa ni sawa na kumvisha marehemu sifa ambazo hakuzidai. Je, haiwezekani kwamba Bibi Titi alifaulu kwa sababu ya kipaji chake binafsi na mvuto wa Nyerere, na kwamba ngoma ilikuwa tu mahali alipopitia? Aidha, kwa nini TANU isingewatumia wanawake waliosoma, walimu na wakunga, ambao walijua kuandika barua na kutunza vitabu?

Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Nianze na swali la mwisho la mchangiaji wa pili, kwa sababu jibu lake linabeba sehemu kubwa ya mjadala.

Wanawake waliosoma walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watumishi wa serikali au wake wa watumishi. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na hata Nyerere alilazimika kuacha ualimu mwaka 1955, ingawa yeye alifundisha katika shule ya misheni na shinikizo lilimjia kwa njia nyingine. Mwalimu wa kike au mkunga wa hospitali ya serikali aliyekata kadi ya TANU alikuwa anaweka mshahara wake rehani. Muuza vitumbua wa mtaa wa Gerezani hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Geiger aligundua kwamba wanawake waliokuwa mstari wa mbele katika TANU ya Dar es Salaam walikuwa na sura inayofanana: Waislamu, wa umri wa kati, waliowahi kuolewa na wengi wao kuachika, wenye elimu ndogo ya darasani au wasio nayo kabisa, wenye biashara ndogondogo za kujitegemea na wenye watoto wachache. Ni sura ileile ya mwanachama wa ngoma. Walikuwa na uhuru wa kutembea ambao mke kijana wa karani hakuwa nao, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwauliza walikuwa wapi.

Kulikuwa pia na njia nyingine ya kuwakusanya wanawake, na serikali ndiyo iliyoifadhili. Baraza la Wanawake wa Tanganyika lilianzishwa mwaka 1951 chini ya Lady Twining, mke wa Gavana, likafundisha ushonaji, upishi na usafi wa nyumba. Sina nia ya kuyadharau mafunzo hayo, maana yapo majiko yaliyonufaika. Lakini mwanamke wa Kariakoo aliyehudhuria alikaa kama mwanafunzi mbele ya mwenyeji wake, akifundishwa namna ya kuwa mke wa mtu aliyeendelea, ilhali jioni katika chama chake alikuwa na cheo, kura na sauti. Ukitaka kujua ni wapi alijifunza kusimama mbele ya watu, linganisha mahali hapo pawili.

Kuhusu vijembe na majivuno, nakubali kwamba vilikuwapo, tena kwa wingi, na sidai kwamba vyama vile vilikuwa madrasa ya maadili mema. Ila tazama ushindani ule ulidai nini. Chama kilichotaka kumshinda mwenzake katika karamu ya Jumamosi kilihitaji kujua idadi ya wanachama watakaofika, kukusanya fedha kwa wakati, kutunza siri ya wimbo mpya usivuje, kumsuluhisha mwanachama aliyenuna, na kurudi mwezi unaofuata kufanya hivyohivyo. Watu wasio na mazoea hayo huitisha mkutano mmoja mkubwa kisha wakatawanyika, na historia ya vyama vyetu vya siasa ina mifano mingi ya mikutano ya namna hiyo. Kipaji cha Bibi Titi nakikubali bila shaka. Ninachosema ni kwamba kipaji hicho kilikuwa na mahali pa kufanyia kazi kwa miaka kabla Hatch hajauliza swali lake.

Sasa kwa ndugu yangu wa Mombasa, aliyeuliza Dar es Salaam iliepukaje mafarakano. Nadhani sababu kubwa ni jinsi vyama vilivyoingizwa TANU. Bibi Titi hakuwataka wenzake waifuate Bomba. Aliwaendea viongozi wa vyama vingine kama viongozi, kila mmoja akabaki na watu wake na heshima yake, na wote wakakutana chini ya jina ambalo halikuwa la ngoma ya mtu yeyote. Mshindani wa jana hakulazimika kukiri kushindwa. Aliyekuwa karibu naye katika kazi ile ni Tatu binti Mzee, ambaye naye aliingia katika uongozi wa juu wa chama, na kazi haikumwelemea mtu mmoja. Sababu ya pili ni ya kimji. Vyama vya ngoma vya Dar es Salaam vilikuwa vimechanganya makabila tangu zamani, na ushindani wao haukufuata ukoo wala mtaa kwa ukali ule ulioonekana katika miji mikongwe ya Pwani, ambako suala la nani mwenyeji na nani mgeni lilikuwa na mizizi ya karne nyingi.

Hili la makabila linastahili kutazamwa zaidi ya tunavyofanya. Tunapenda kusema kwamba TANU iliwafundisha Watanganyika kujiona taifa moja. Kwa upande wa wanawake wa mjini, Geiger ameligeuza jambo hilo juu chini, nami namuunga mkono. Anasema kwamba wao walikuja na mazoea hayo tayari, wakiwa wamezoea kuimba pamoja kwa Kiswahili, kuzikana na kuozeshana bila kuulizana kabila, na kwamba uzalendo wa TANU ulipata umbo lake kwa sehemu kutokana nao. Nyerere alikuwa na hoja nzuri za umoja. Wanawake wa Bomba na wenzao walikuwa wakiuishi umoja huo kila mwisho wa juma.

Mchangiaji kutoka Unguja

Sheikh, uzi mzuri. Naomba nimtaje Siti binti Saad, kwa kuwa naye aliutengenezea muziki mahali pa kukutania, ijapokuwa kwa njia tofauti.

Siti alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akatoka shamba akaja mjini akiuza vyungu, na kufikia mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Kabla yake taarabu ya kasri na ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya wanaume na iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliileta kwa lugha ya watu wa Ng'ambo, yaani mitaa ya watu wa kawaida ya mji wa Unguja, na nyimbo za kundi lake zilizungumzia mambo yaliyotokea mahakamani na mitaani, pamoja na dhuluma walizotendewa wanawake. Alifariki mwaka 1950. Wanawake wa Unguja wakaendelea na vikundi vyao wenyewe vya taarabu, kama vile Royal Navy, Royal Air Force, Sahib el-Arry na Nuru l-Uyun, na majibizano yao yakawa burudani ya mji mzima.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Siti alikuwa nyota aliyezungukwa na wapigaji wanaume, kina Subeti Ambari, Mbaruku, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko chama chochote. Bibi Titi kwa maelezo yako alikuwa mwimbishaji miongoni mwa waitikiaji, na bila wao hakuwa na wimbo. Je, si kweli kwamba hiyo ndiyo iliyomfanya aweze kuwaleta watu, ambapo nyota mkubwa angeleta watazamaji tu?

Mleta uzi

Ndugu wa Unguja, umelisema vizuri zaidi yangu. Watazamaji hurudi nyumbani onyesho likiisha, lakini mwanachama ana deni la mchango wa wiki ijayo na mwenzake anamsubiri. Ningeongeza tu kwamba katika ngoma ya kuitikiana mpaka kati ya mwimbaji na msikilizaji ni mwembamba sana, kwa hiyo mwanamke aliyeitikia leo aliweza kesho kuimbisha katika msiba wa jirani, na ujuzi ukaenea. Mikutano ya TANU iliutumia utaratibu huohuo. Kabla ya hotuba akina mama waliimba, na wimbo ulikuwa tayari umeshaeleza nusu ya hoja kwa mtu asiyesoma magazeti. Bibi Titi alizunguka majimboni na Nyerere akihutubia kwa Kiswahili, na kila alipofika alijua kuwatafuta wanawake wa ngoma wa mahali hapo.

Haikuwa kazi nyepesi. Sheria ya usajili wa vyama ya mwaka 1954 iliipa serikali nguvu ya kuyakatalia matawi ya TANU, na Usukumani chama kilikuwa marufuku hadi 1958. Kukusanyika kwenye arusi kulikuwa jambo jingine, na hapo tena faida ya mtandao wa ngoma inaonekana.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza, dada au kaka mleta uzi: baada ya uhuru vyama hivi vilikwenda wapi, na kwa nini mwanamke aliyeleta maelfu ya watu aliishia gerezani? Huwa tunaisikia kesi yake, hatuelezwi ngoma iliishiaje.

Mleta uzi

Nitajibu yote mawili, ingawa la kesi nitalipitia kwa ufupi kwa sababu lina nyuzi zake nyingi humu.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, tawi la wanawake wa TANU liligeuzwa mwaka 1962 kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Lile Baraza lililoanzishwa chini ya Lady Twining nalo likamezwa humo. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge Rufiji. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, alijiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu, na hapa nakumbusha kwamba kwa mwanamke wa Dar es Salaam aliyeachika au asiye na ajira, chumba cha kupangisha kilikuwa ndiyo pensheni yake, jambo ambalo wanaume walioandika masharti yale hawakuonekana kulipima. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na Nyerere akamwachia huru mwaka 1972. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Kuhusu ngoma, mabadiliko yalianza mapema zaidi ya kesi hiyo. UWT ilipokuwa jumuiya ya kitaifa ilihitaji makatibu wa wilaya, taarifa za maandishi, miradi na wageni wa kupokea kutoka nchi za nje, na kazi hizo ziliwafaa wanawake waliosoma, ambao sasa katazo la utumishi lilikuwa limeondoka. Hilo lilikuwa haki yao na lilileta manufaa. Ila mama aliyekuja TANU mwaka 1955 akiwa kiongozi wa chama chake alijikuta mwanachama wa kawaida katika jumuiya ambayo viongozi wake walichaguliwa kwa vigezo asivyokuwa navyo, na nafasi iliyobaki wazi kwake katika mikutano ilikuwa ya kupokea wageni kwa nyimbo. Yule aliyewahi kuamua nani aitwe na fedha zitumikeje akawa anaarifiwa tu saa ya kufika uwanjani na sare.

Sisemi kwamba vyama vya ngoma vilikufa. Arusi na misiba haikusimama, na akina mama waliendelea kuchangiana kama kawaida hadi leo. Kilichokatika ni ile njia ya kutoka kwenye chama cha mtaani hadi kwenye uamuzi wa chama cha siasa. Angalia jinsi muziki ulivyorudi katika siasa mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992. CCM ilijua vizuri kwamba watu hukusanywa kwa nyimbo, ikawa na Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba, na upande wa taarabu Khadija Kopa akatamba humo huku Nasma Khamis wa Muungano Cultural Troupe akimjibu. Majibizano yao yalijaza kumbi, na mzee wa Kariakoo aliyeyakumbuka mashindano ya Bomba asingeona lolote geni katika maneno yao. Tofauti ilikuwa kwenye malipo na mamlaka: kundi lilikuwa na mkurugenzi na mlezi wake ambaye ni chama tawala, na mwimbaji alikuwa msanii wa kundi, mwenye mkataba, anayeweza kuhamia kundi pinzani akipewa maslahi bora, bila mwanachama mmoja wa mtaani kuwa na usemi katika jambo hilo.